Mguu wa Ajida

Kila asubuhi, kabla vidole vyangu havijakubali kukunjika, kitu cha kwanza nilichokiona nikifungua mlango kilikuwa mguu wa Ajida. Ulikuwa ndani ya beseni la maji ya moto, katikati ya uwanja, na mkewe alikuwa amepiga magoti mbele yake akiuosha taratibu, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Miaka yote niliyopanga katika parseli ile, kiwanja chenye nyumba kadhaa, hapa Kamina, upande wa reli, siku yangu ilianza hivyo. Nilisalimia, nikageuza uso, nikarudi ndani kunywa chai. Mara nyingi niliimwaga.

Ajida ni cheo chake cha jeshini, na hatukumwita kwa jina lingine. Alikuwa mtu wa mkoa wa Équateur aliyeletwa huku na jeshi, akatumika kwenye Base, kambi ya jeshi, mpaka akastaafu, akanunua parseli mjini na kujenga vyumba vya kupangisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimelelewa katika nyumba ya Wamethodisti ambamo mtoto alifundishwa kunawa mikono kabla ya kufundishwa kusema. Labda ndiyo sababu nilichukizwa upesi kuliko wapangaji wengine. Yeye aliniita Madamu, kama wanavyoniita wanafunzi, na kila mara alilitamka neno hilo kana kwamba ananivalisha nguo kubwa kunizidi.

Mguu wenyewe lazima niueleze, maana bila huo hakuna Ajida. Dole gumba la kulia lilikuwa limevimba likawa kama kitunguu chekundu, na pembeni yake vilikuwapo vinundu vyeupe chini ya ngozi, vigumu kama punje za mahindi. Vingine alikuwa navyo kwenye kiwiko na kwenye ukingo wa sikio. Kimoja cha mguuni kilikuwa kikipasuka mara kwa mara na kutoa ute mweupe, mzito, kama chaki iliyoloweshwa. Hakuona aibu nao. Aliukamua kwa kidole, akautazama, halafu akaufuta kwenye mkono wa kiti chake. Kiti kile cha kamba kilikuwa na alama nyeupe zilizokauka, na mgeni aliyekaribishwa kukikalia hakujua amekalia nini. Mimi nilijua. Kulikuwa na siku nilipofika darasani, nikashika kipande cha chaki, nikakirudisha kwenye kopo na kuwaambia watoto tutasoma kwa mdomo.

Watu wa kwetu maumivu yote ya viungo huyaita rimatisi. Ajida alilikataa neno hilo. Daktari mmoja wa zamani wa jeshini alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa wake ni goutte, yaani jongo, na akamtania kuwa zamani za Wazungu jongo lilikuwa ugonjwa wa wafalme. Mzaha ule Ajida aliushika kama medali. Alimsimulia kila aliyepita.

"Hii haiko rimatisi," alisema. "Rimatisi iko ya bantu bote. Hii iko goutte. Iko ugonjwa ya bafalme."

Na kweli alitawala nao. Jongo lilimjia kwa ghafla, usingizini, karibu kila mara baada ya karamu. Asubuhi yake parseli nzima ililazimika kunyamaza. Kutwanga sombe, majani ya muhogo, kulikatazwa, kwa kuwa alisema kila pigo la mchi linaingia kwenye dole lake. Watoto wa wapangaji walipelekwa kuchezea barabarani. Hata shuka hakuweza kulivumilia juu ya mguu, akalala nusu uchi, mlango wazi, akiugua kwa sauti ambayo jirani wa tatu aliisikia. Sitasema alikuwa anaigiza. Nimesoma baadaye, na nimeambiwa na wanaojua, kwamba maumivu ya jongo ni mabaya sana. Lakini alikuwa na namna ya kufungua jicho moja katikati ya kuugua, kuangalia nani amekuja.

Walikuja wengi. Alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya, na wanakwaya walimletea pole, na pole hiyo siku zote ilikuwa chakula: mchuzi wa mbuzi, matumbo yaliyokaangwa kwa pilipili, chupa za bia, na waliomjua zaidi walileta lutuku, pombe kali ya kienyeji, ndani ya chupa ya maji. Hivyo vyote ndivyo vilivyomlaza. Mkewe alijua, na yeye mwenyewe alijua, kwa kuwa daktari yuleyule wa wafalme alimwambia aache pombe na nyama za ndani. Alivila huku mguu umeinuliwa juu ya mto. Alinyonya uboho kutoka kwenye mfupa kwa mlio ambao bado ninausikia, mafuta yakamtiririka mpaka kidevuni, kisha akaupitisha mkono uleule kwenye dole lake kulipapasa. Na dawa ya kuzuia jongo, kidonge kimoja cha kila siku, ilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati. Haikuguswa. Alitaka sindano tu, siku ya maumivu, zile zinazotuliza upesi. Kidonge cha kila siku, alisema, ni mambo ya wagonjwa.

Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya tu. Hakuwahi kumpiga mkewe. Nyama ilipopikwa alianza kuwagawia watoto wa parseli, wetu sote, ndipo akala yeye. Jioni moja askari waliolewa walisukuma lango letu wakidai kinywaji, na mume wangu alikuwa safarini. Ajida alitoka na sandale mguu mmoja tu, ule mwingine umefungwa kitambaa, akawasimamisha mstari na kuwafokea kwa Kilingala mpaka wakaomba radhi na kuondoka. Alirudi akichechemea, akaniambia, "Lala, Madamu." Suruali zake zilikuwa na mstari wa pasi ulionyooka kama kamba. Katika wimbo wa huzuni kanisani alitokwa na machozi ya kweli. Nilimtazama akilia, na sikujua niuweke wapi ule mguu.

Mkewe tulimwita Mama, na yeye alizaliwa Bukama. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mpole, aliyefanya biashara ya samaki wakavu tangu ujana wake. Alipanda treni, akashuka na vikapu, akavibeba kichwani mpaka sokoni. Magoti yake yalikuwa yameisha. Alipoinuka yalitoa sauti kama mtu anayetafuna mchanga, na jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama, alikaa kwenye kizingiti akiyakanda kwa mafuta ya mawese. Asubuhi alikakamaa kidogo tu, kisha akalegea. Kazi ndiyo iliyomwumiza. Kwangu mambo yalikuwa kinyume. Vifundo vya vidole vilivimba mikono yote miwili, sawasawa, na nyayo vilevile. Asubuhi sikuweza kufunga kifungo wala kukamua kitambaa, na ukakamavu huo haukuniachilia mpaka masomo ya kwanza yamekwisha. Nilichoka uchovu wa ajabu, kama mtu aliyeugua malaria. Nilikuwa bado kijana.

Ajida alikuwa na hukumu yake juu yetu sote wawili, naye aliitoa akiwa ameketi kwenye kiti kile.

"Mama, goti yako inauma juu ya mafuta mingi," alimwambia mkewe. "Na weye Madamu, bidole inauma juu ya kukamata kalamu tu. Ungelima shamba, ingepona."

"Baba, minyi nalima na nabeba," Mama alimjibu siku moja, bila hasira. "Inauma tu vile vile."

"Yako iko uchovu. Uchovu haiko ugonjwa."

Akainua mguu ili auoshwe, na Mama akapiga magoti.

Ilifika siku ambayo sikuweza kushika chaki kabisa, wala kikombe. Mume wangu aliniambia niende hospitalini, na Mama akasema atanisindikiza, kwa sababu mikono yangu isingeweza hata kushika mwavuli. Tulikwenda kwa miguu, tukisimama kila baada ya nyumba kadhaa, yeye kwa ajili ya magoti, mimi kwa ajili ya nyayo. Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alinibonyeza kila kifundo, akaniuliza asubuhi ikoje, akauliza kama mama yangu au shangazi aliwahi kuwa hivyo. Kisha akamtazama Mama, ambaye alikuwa ameshindwa kuinuka kwenye benchi, akasema, "Na weye, Mama, tuone magoti."

Alituambia waziwazi kwamba hatuna ugonjwa mmoja. Goti la Mama lilikuwa na arthrose: ule utando laini unaofunika ncha za mifupa umelika, mfupa unasuguana na mfupa mwingine. Hautarudi, alisema, ila maumivu yanaweza kupunguzwa. Asichuchumae na asipige magoti. Apike akiwa amekaa kwenye kiti. Akae, anyooshe mguu mmoja mbele, aushikilie hewani, aushushe, ili nyama za paja zipate nguvu ya kulibeba goti. Fimbo aishike mkono wa upande wa goti lenye nafuu. Apunguze uzito kidogo kidogo, mizigo mikubwa ya kichwani aiache.

Kisha akanigeukia mimi. "Hii ya kwako, Madamu, hapa tunaiita baridi yabisi, kwa Kifaransa polyarthrite. Kinga ya mwili wako imekosea. Inapiga viungo vyako kama vile inapiga adui." Alisema damu yangu ipimwe Lubumbashi, na dawa yake hunywewa mara moja tu kwa juma, tena chini ya macho ya daktari, na nisishike mimba nikiwa ninainywa. Alinionya juu ya wachoma sindano wa mitaani. Sindano zao zingenifanya nijione nimepona, alisema, na huku zingeninenepesha uso na kulainisha mifupa. Usichelewe, aliniambia. Ugonjwa huu ukiachwa unapinda vidole, na vikishapinda havinyooki.

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mtu wa mbali, "Na goutte je?"

"Nani eko na goutte?"

"Baba wa kwangu. Iko na mawe nyeupe kwa muguu."

Daktari akaeleza kwamba ni chumvi ya damu inayoganda kama vijiwe katika kiungo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia. "Kati yenu watatu, yeye njo wa bahati. Akikunywa kinini yake, ile kidonge, kila siku, asiache, na akipunguza pombe na nyama, ile mawe inayeyuka polepole. Anaweza kutembea kama kijana. Hawakumupatia dawa?"

"Balimupatia," Mama akasema.

Akauegemea mwavuli, akainuka kwenye benchi, tukarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mama alipasha maji, akaweka beseni mbele ya Ajida, akaleta kibao cha jikoni, kile kirefu kidogo, akakikalia. Ajida alitazama kibao, akamtazama yeye.

"Hii iko nini?"

"Dokteri anakataza magoti."

"Dokteri ataosha hii muguu, ao weye?"

Mama alijaribu kuinama kutoka kwenye kibao, lakini tumbo na magoti vilimzuia, mikono yake haikufika vizuri. Ajida akautoa mguu majini. Hakufoka. Aliuweka juu ya ukingo wa beseni, ukidondosha maji, akasema basi, hakuna neno, leo hataoshwa. Nilikwenda kazini nikamwacha hivyo. Niliporudi mchana alikuwa bado hapo, mguu haujaoshwa, kile kinundu kimepasuka, nzi wamejaa juu yake, naye hawafukuzi. Alikuwa akiwaambia wapita njia kwamba nyumbani kwake siku hizi mgonjwa hana mtu. Wanawake wa kwaya walipita wakamwonea huruma. Walimtazama Mama kwa macho mabaya.

Saa za jioni Mama alishindwa. Alipasha maji upya, akashuka chini kwa kujishikilia kwenye mguu wa kiti, goti moja, halafu la pili, akauosha ule mguu wote, nzi na ute na kila kitu. Alipomaliza hakuweza kuinuka. Alijaribu mara moja, akarudi chini na kutoa sauti ndogo. Nilitoka nikakimbilia kumwinua. Nilimshika kwapani, lakini vidole vyangu havikufunga. Vilimteleza kama vya mtu mwingine. Nilipojaribu kumwegemeza begani, nyayo zangu zilikataa, nikaanguka nikakaa kando yake kwenye matope ya maji yale ya beseni. Yaliniingia kwenye sketi. Yalikuwa ya uvuguvugu. Tulikuwa wanawake wawili chini, hakuna anayeweza kumsaidia mwenzake, na Ajida yuko juu yetu kwenye kiti chake, mguu wake msafi unang'aa.

Alitusubiri kidogo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mukiisha, mulete taulo."

Mume wangu ndiye aliyetuinua alipoingia kutoka kazini. Nilioga, nikaoga tena, na bado nilihisi maji yale mapajani. Nimeona mambo mengi yenye uchafu katika maisha haya: vyoo vya shule wakati wa mvua, majeraha ya wagonjwa wa jamaa yangu. Hakuna kilichonichukiza kama neno lile taulo.

Juma lile lile Mama alifunga nguo zake kwenye kitambaa. Hakutoroka. Alimwambia Ajida mbele yetu sote, mchana, "Baba, naenda kwa ndugu yangu Bukama. Nitauza samaki nikiwa nimekaa."

"Utarudia lini?"

"Goti ikipona."

Ajida akacheka kidogo, kwa kuwa alidhani ni siku chache. Mama alijua, na mimi nilijua, kile alichosema daktari kuhusu goti lile. Mume wangu alimpeleka stesheni kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma, mguu umenyooshwa pembeni. Sisi tulihamia karibu na shule mwezi uliofuata.

Ilipita miaka kadhaa kabla sijamwona Ajida tena. Dawa yangu ilikuwa ikipatikana na kukosekana. Ilipokuja kutoka Lubumbashi niliinywa, nikaweza kuandika ubaoni. Ilipochelewa, vidole vilijiendea vyenyewe. Viwili vya mkono wa kulia vimepinda kuelekea pembeni na havitarudi. Nimejifunza kushika chaki kwa kiganja, kufungua chupa kwa kitambaa, kupumzika kabla sijachoka. Watoto wa darasa langu wamezoea mwandiko wangu mpya.

Nilikutana naye njiani, karibu na soko. Nilimtambua kwa mstari wa pasi wa suruali. Alikuwa amekonda, amevaa viatu vya ngozi vilivyofungwa, vyote viwili, na alitembea. Alitembea upesi, bila fimbo, kama askari anayewahi gwaride. Aliponiona alifurahi kwa dhati, nami nililiona hilo.

"Madamu, angalia." Akapiga mguu wa kulia chini. "Minyi niko muzima."

"Umepona vipi, Ajida?"

"Ile kinini ya mukebe. Kimoja, kila asubuhi. Lutuku niliacha. Mama alipoenda, minyi nilibaki peke, nikaona: nani atapasha maji? Nikaanza kukunywa kinini. Mawe yote imeisha, hata ya sikio." Akageuza kichwa nione sikio. Lilikuwa laini. "Iko bepesi sana, Madamu. Sikujua kama iko bepesi vile."

Akanishika mkono kunisalimia vizuri, akaubana kwa nguvu zake zote mpya, na maumivu yakapanda mpaka kwenye bega. Hakutazama alichokishika. Nilitazama kiatu chake kilichopigwa rangi, nikafikiri juu ya miaka ile ya beseni, na magoti yaliyosagwa mbele ya mguu ambao kidonge kimoja kingeuponya. Nikauchomoa mkono wangu.

"Nasikia weye unaendaka Bukama," akasema. "Mwambie Mama arudie. Mwambie muguu imepona, haitamusumbua tena."

"Na akirudi?"

Alifikiri kidogo, akatabasamu kama mtu anayewaza mapumziko.

"Akirudia, nitaacha kwanza hii makinini. Kukunywa kila siku inachokesha."

Alisema hivyo bila ubaya wowote usoni. Hakusikia alichosema. Aliniaga, akaniombea kwa Mungu, akaenda zake akitembea vizuri sana.

Likizo iliyofuata nilipanda treni kwenda Bukama. Mama alikuwa sokoni, amekaa kwenye kiti cha mbao nyuma ya meza ya samaki, mguu mmoja ameunyoosha hewani kama alivyofundishwa, akiushusha pole, akiinua mwingine. Alishika vidole vyangu vilivyopinda, akavitazama kimoja kimoja bila kuvibana. Tuliongea juu ya watoto, juu ya bei ya chumvi, juu ya ndugu yake. Baadaye, akiwa anafukuza nzi juu ya samaki, akauliza bila kuniangalia.

"Na Ajida, unamuonaka?"

"Hapana," nikasema. "Sijamuona."

Akaitikia kwa kichwa, akanivutia kiti cha pili, nikakaa.